Hodi ya Nne

Enzi zetu pale Kitaya hakuna aliyemuuliza mtoto anapenda mchezo gani. Ulicheza mchezo uliokukuta, na wenzangu mliokulia katika vijiji vya ujamaa vya kusini mnajua ilivyokuwa: rede kwa mpira wa matambara, kombolela nyuma ya ghala la ushirika, mdako kwa vijiwe vya mtoni mpaka kucha zinajaa vumbi. Asubuhi mchakamchaka, halafu hesabu, halafu jembe kwenye shamba la shule, na ukirudi nyumbani kuna muhogo unakusubiri uumenye. Msimu wa mabibo midomo yetu ilikuwa na vidonda vya utomvu wa korosho. Msimu wa ming'oko, ile mizizi ya mwituni, tulikuwa porini tunachimbua, na tulirudi nyumbani matumbo yameshiba na nguo zimechanika. Watoto wa leo ukiwasimulia haya wanakutazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Mimi kwa kutotulia nilikuwa nimewapita wote. Jina langu ni Zainabu, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulitaja lote, kwani kabla hajalimaliza nilikuwa nimeshaondoka, wakaniita Zena. Nilikula nimesimama. Darasani mguu wangu ulitikisa dawati mpaka aliyekaa nami akawa anaandika kwenye goti lake. Bibi yangu, Bibi Somoe, ndiye aliyenilea baada ya mama kuolewa mbali, na wageni wakinishangaa aliwaambia, "Ntoto huyu kakalia siafu, mwacheni." Ndiyo maana hadi leo watu wa rika langu hawaniamini nikisema kwamba kitu nilichokipenda kuliko vyote utotoni ni mchezo wa kukaa kitako.

Mchezo huo aliuleta Mzee Tomasi. Miaka ile ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya kumng'oa Mreno, na familia nyingi zilivuka kuja upande wetu na sufuria zao, kuku wao na watoto wao. Mzee Tomasi alivuka na mkewe, mtoto wao Zeferino ambaye alikuwa wa umri wangu, na mfuko wa patasi. Alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa kule ng'ambo, Mkristo katikati yetu sisi Waislamu, akapewa kiwanja jirani na kwetu. Mwaka wao wa kwanza bibi ndiye aliyewapa vipando vya muhogo na chumvi ya kuanzia, na Mzee Tomasi hakuyasahau. Alikuwa hapiti mbele ya kibaraza chetu bila kuvua kofia.

Mchezo wenyewe vitabuni unaitwa sataranji. Yeye alijifunza kwa Wareno alikofanya kazi ya useremala, na kwa kuwa hakuvuka na vifaa, alichonga vyake: upande mmoja mpingo, upande wa pili mti mweupe, na ubao ukawa mfuniko wa sanduku la chai, miraba yake imechomwa kwa chuma cha moto. Farasi hakupata kumtazama vizuri maishani mwake, kwa hiyo akachonga kiboko, mnyama ambaye mtoni kwetu hakuwa na uhaba. Basi kwetu aliyeruka juu ya vichwa vya wenzake alikuwa kiboko, na hatukuona ajabu yoyote. Yule anayekwenda mshazari Zeferino alimwita padri, mimi nikamwita shehe, tukaelewana. Wale wadogo wa mbele, wanaosogea hatua moja moja na kuliwa kwanza, walikuwa wakulima, na ile minara ya pembeni tuliiita maboma. Malkia alikuwa Mama, mwenye nguvu kuliko wote, na hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtoto aliyelelewa na Bibi Somoe.

Tabu ilikuwa kwa mfalme. Shuleni tulishafundishwa kwamba nchi yetu haina wafalme, basi tukamwita Mwenyekiti. Huyo ndiye anayewindwa. Ukimbana akawa hana pa kwenda, mchezo umekwisha. Siku moja mwenyekiti wa kijiji, yule wa kweli, alikuwa anapita na baiskeli yake akasikia watoto wanapiga kelele nyuma ya ua: "Mwenyekiti kabanwa! Mwenyekiti leo hana pa kukimbilia!" Akashuka. Mzee Tomasi alisimama kofia mkononi, maana mkimbizi ni mkimbizi, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba huyu ni wa mti, mheshimiwa, wa mti kabisa. Mwenyekiti alikigeuzageuza kile kinyago, akasema haya, lakini mtafutieni jina jingine. Tangu siku hiyo akaitwa Mwenye Nyumba.

Hapo ndipo bibi yangu alipoingilia. Alikuwa kibarazani anapepeta mpunga, nasi tunacheza miguuni pake.

"Huyo mnayemwendea mbio ni nani?" akauliza.

"Mwenye Nyumba, bibi."

"Na mnamfuata kwake?"

"Ndiyo, bibi."

"Hodi iko wapi?"

Tukatazamana, mimi na Zeferino. Bibi akauweka ungo chini. "Ntu anaingiliwa nyumbani kwake kimya kimya kama anaibiwa? Wee Zena, hivyo ndivyo nilivyokufunza?"

Ikawa sheria kuanzia pale. Ukimtishia Mwenye Nyumba lazima useme hodi. Mwenzako akiweza kumwokoa anajibu "subiri", akishindwa anasema "karibu", na hapo umeshinda. Bibi hakuishia hapo. Akasema hodi ni tatu. Anayebisha mara ya tatu na hajafunguliwa, anageuza, anarudi alikotoka, ndivyo dini inavyotaka na ndivyo watu wanavyoishi. Kwa hiyo ukishapiga hodi tatu mfululizo, ulitakiwa kwanza uondoke mlangoni, usogeze kitu kingine mahali pengine, ndipo uweze kuja kubisha tena. Tulimgeukia Mzee Tomasi tusikie atasema nini. Alitabasamu, akasema, "Bibi kasema." Yakaisha.

Nyie mnaojua mchezo huu mtacheka, lakini sheria ile ilitunyoosha. Kwa kuwa hodi zilikuwa za kuhesabika, hukuweza kuzitapanya. Ilikubidi uandae safari yako mpaka mwisho kabla ya kugusa mlango. Mzee Tomasi akatufundisha kufungua, yaani zile hatua za mwanzo kabla watu hawajakutana. Wakulima wa katikati watoke kwanza, wafuate viboko, halafu mashehe, halafu Mwenye Nyumba ajifiche pembeni nyuma ya boma lake. Kila mmoja atoke mara moja kabla ya yeyote kutoka mara ya pili, kama zamu za shamba la kijiji. Mama abaki ndani. "Anayentoa Mama asubuhi," alisema, "jioni hana wa kunpikia."

Kwangu ilikuwa adhabu. Mimi nilitaka kufika. Zeferino alikuwa mtoto wa kufikiri, akikaa anakuna kifundo cha mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine, midomo imejifunga, na akianza kufikiri mimi niliweza kwenda kisimani, nikajaza ndoo, nikairudisha nyumbani, nikamkuta hajagusa kitu. Nilizunguka nyumba. Nilipanda mkorosho nikashuka. Nilimwambia, "Zeferino, wee, muhogo utaota mizizi hapo ulipokaa," naye hakuinua macho. Lakini nilirudi kila mara, nikakaa, na nikikaa pale mguu wangu ulitulia. Mahali pengine popote duniani haukutulia. Bibi aliliona hilo, na nadhani ndiyo maana alivumilia kazi zake kuchelewa.

Mwaka ambao ng'ambo walipata uhuru wao, kijiji kizima kilicheza ngoma kwa siku kadhaa. Nilicheza na mimi, mpaka nilipowaona wakina Zeferino wanafunga mizigo. Familia moja ikivuka leo, nyingine inavuka kesho. Mama yake Zeferino alikuwa anaanika muhogo wa safari juu ya paa, na Mzee Tomasi alikuwa ameshazifunga patasi zake kwa gunia na kamba ya katani. Nilimwomba anichongee seti nyingine. Akanijibu kwa upole kwamba mpingo hauchongwi kwa haraka, na patasi zimeshafungwa. Ile aliyonayo ilikuwa ya mwanawe, na sikuweza kuiomba. Nilikwenda nyuma ya ghala la ushirika nikalia kwa hasira. Mchezo ulikuwa unavuka mto unaniacha, na mimi nitarudi kuwa yule wa kukalia siafu.

Wiki ile ile Mwalimu Lipande, mwalimu wetu wa darasa, akarudi kutoka mjini na habari. Kulikuwa na mashindano ya sataranji kwa watoto wa shule za msingi, Mtwara, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari. Kila shule ilete wachezaji wawili. Atakayeshinda ataipatia shule yake seti kamili, ya dukani, ndani ya sanduku lenye bawaba. Mwalimu alikuwa hajamaliza kusema nikawa nimesimama juu ya dawati. Zeferino alisema naye atakuja, kwa kuwa baba yake alikuwa bado anangoja zamu ya mtumbwi. Akaongeza, "Nikishinda mimi, sanduku la shule nalo ni lako. Mi sitakuwepo." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo kwake yalikuwa hotuba.

Tulipanda lori la ushirika, juu ya magunia ya korosho, mwalimu mbele na dereva. Njia nzima nilisimama na kukaa, kukaa na kusimama, nikimwuliza Zeferino maswali ya kufungua: mwenzangu akianza na mkulima wa kati nifanyeje, akianza na wa pembeni je? Alinijibu yote. Tulifikia Magomeni ya Mtwara, kwa shangazi yake mwalimu, tukapewa wali na samaki wa nazi, na mimi nikashindwa kula, jambo ambalo halijatokea tena.

Ukumbini watoto wa mjini walikuwa na viatu. Meza zilipangwa, vinyago vyote vya plastiki vinang'aa, na farasi wao alikuwa farasi kweli, shingo tu, hana mwili. Nilimhurumia. Mchezo wa kwanza niliwekewa mtoto mmoja mnene mwenye haraka. Akatoa Mama wake hatua za mwanzo kabisa, na shehe nyuma yake, anataka kunimaliza kabla sijaamka. Nilisikia sauti ya Mzee Tomasi kichwani. Viboko vyangu vilitoka kimoja baada ya kingine, vikamfukuza yule Mama huku na huko kama kuku aliyeingia msikitini, na alipochoka nikamla. Kisha nikasema, "Hodi."

Mtoto akainua uso. "Nini?"

"Hodi. Mwenye Nyumba wako yuko hatarini."

Alicheka mpaka msimamizi akaja. Msimamizi alikuwa kijana mwalimu wa sekondari, mwenye miwani. Aliposikia akacheka na yeye kidogo, akasema, "Mwacheni aseme anavyotaka. Wengine wanasema cheki. Ni mamoja." Hakuuliza zaidi, nami sikueleza zaidi, kwani sikujua kuna la kueleza. Hodi ya pili mtoto yule alikwisha.

Zeferino alitolewa mapema. Hawakumshinda kwa akili. Alikuwa anafikiri, msimamizi akamwambia aharakishe, akafikiri tena, akaambiwa tena, akashika kinyago cha kwanza kilichokuwa karibu. Alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, na kuanzia hapo hakuondoka. Nilishinda tena, na tena. Hakuna mchezo uliohitaji zaidi ya hodi tatu, maana ndivyo nilivyofunzwa kujenga. Mwalimu Lipande alikuwa ameshaanza kulitazama lile sanduku lenye bawaba kama mtu anayepima mlango litakapoingia.

Mchezo wa mwisho ulikuwa na Faraji, mtoto wa karani wa bandarini. Mtoto mzuri, mpole, shati limepigwa pasi. Baba yake alikuwa na kitabu cha mchezo ule, na Faraji alikuwa amezikariri hatua za kufungua kama sisi tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Alizipiga bila kufikiri, tap, tap, tap, kila nikisogeza yeye ameshasogeza. Hilo lilinitibua. Nilizoea mtu wa kunichosha kwa kungoja, na sasa nilikuwa mimi ninayengojewa. Kiti kikaanza kunichoma. Mguu ukaanza, meza ikatikisika, vinyago vya plastiki vikagongana. Nyuma yangu Zeferino akakohoa taratibu, nikakumbuka kupumua.

Nikatoka kama nilivyofunzwa. Wakulima wa kati, viboko, mashehe, Mwenye Nyumba pembeni. Kitabu cha Faraji kikaisha kabla ya watu wangu kwisha kutoka, ndipo nikamwona anafikiri kwa mara ya kwanza, na jasho linamtoka juu ya mdomo. Akafanya kosa dogo, akamwacha mkulima mmoja aliyekuwa anaziba mlango. Nilituma maboma yangu yote mbele. Niliiona njia nzima mpaka mwisho.

"Hodi," nikasema, kwa Mama.

Akamsogeza Mwenye Nyumba wake.

"Hodi," kwa boma.

Akamsogeza tena. Watoto walikuwa wameshazunguka meza.

"Hodi," kwa shehe, na Faraji akamkimbizia pembeni kabisa, kwenye kona, kati ya watu wake mwenyewe waliomzibia pumzi. Pale kilibaki kiboko kuruka tu. Mraba mmoja, na hakuna duniani ambaye angemwokoa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika juu ya kiboko.

Ilikuwa hodi ya nne.

Nilikuwa nimepiga mahesabu vibaya kwa hatua moja, kwa ajili ya haraka yangu ile ile. Niliurudisha mkono bila kukigusa kiboko. Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Ukumbi mzima ulikuwa umeshaiona ile hatua, mtoto mmoja alianza kuinyooshea kidole akapigwa kofi la mkono, na msimamizi aliinama akavua miwani. Sikuwaelewa. Kwangu jambo lilikuwa wazi: nimebisha mara tatu, sikufunguliwa, niondoke mlangoni, nisogeze kitu kimoja, halafu nirudi. Nikamchukua mkulima mmoja wa pembeni, upande wa mbali na Mwenye Nyumba wangu, nikamsogeza hatua moja. Tayari nilikuwa nawaza hodi ya mzunguko unaofuata. Nyumbani kwangu sikutazama.

Faraji alinikodolea macho kwa muda. Halafu boma lake likashuka moja kwa moja mpaka kwenye mstari wangu wa nyuma, ambao nilikuwa nimeuacha mtupu, likambana Mwenye Nyumba wangu nyuma ya wakulima wake mwenyewe. Nilisubiri Faraji aseme hodi. Hakusema.

"Basi," akasema msimamizi. "Imekwisha."

"Hajapiga hodi!" nikapiga kelele. "Kaingia bila hodi!"

Kicheko kilichopigwa ukumbini nakisikia hata leo. Faraji peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kwa nini hukunimaliza?" Nikamwambia nilishabisha mara tatu. Akamtazama msimamizi, msimamizi akamtazama Mwalimu Lipande, na mwalimu wangu akatazama dari. Nikageuka. Zeferino alikuwa amesimama pale pale, mikono mgongoni, uso wake hauna mshangao hata chembe. Aliniinamishia kichwa kidogo, kama kusema ulifanya sawa, tatizo ni mlango wako wa nyuma. Naye alikuwa amehesabu tatu.

Msimamizi alikuwa mtu mwema. Alinieleza taratibu, mbele ya watu, kwamba katika sheria za mchezo unaweza kumtishia mfalme mara nyingi utakavyo. Mara kumi. Mara mia. Alidhani ananifariji. Sanduku lenye bawaba likaenda mikononi mwa Faraji, na niliona linavyofungwa, bawaba zinavyolia.

Kurudi Kitaya nilikaa juu ya gunia bila kutikisika, mpaka Mwalimu Lipande akasimamisha lori aje anishike paji la uso. Nilipofika sikuingia kwetu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Tomasi, sikumwamkia, Mungu anisamehe, nikamwuliza, "Ulijua?"

Alikuwa anafunga kuku kwenye tenga. Zeferino nyuma yangu akamweleza yote kwa Kimakonde. Mzee akavua kofia, ingawa hapakuwa na mtu mkubwa pale.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa ngeni, mwanangu. Bibi yako kanipa vipando, kanipa chumvi. Ngeni habadilishi sheria ya mwenye kumpokea." Akafikiri kidogo, kama alivyofikiri mwanawe. "Halafu nchezo ukawa nzuri zaidi. Nikasahau kwamba hodi tatu si za nchezo wenyewe."

Nikaihamishia hasira yangu kwa bibi, nikamkuta kibarazani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: hodi tatu zake zimetunyima sanduku, mchezo unaondoka, watu wamenicheka Mtwara nzima. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kiuno.

"Sasa Zena, hodi ni ya nini?"

"Ya adabu."

"Ni kwa sababu ntu ndani anaweza kuwa hajajistiri. Wa mti anajistiri nini? Mbele ya lisanduku kama hilo ungeingia tu!"

Alisema hivyo, bibi yangu, baada ya kunilea ndani ya sheria ile kama iliyoandikwa mbinguni. Nililia, halafu nikaanza kucheka katikati ya kulia, naye akanivuta akanipangusa kamasi kwa pembe ya kanga yake. Ninampenda mpaka kesho, Mungu amrehemu.

Walivuka asubuhi moja ya jua kali, mtumbwi umejaa, kuku wanapiga kelele. Zeferino alikuwa ameupakata ubao. Nilikimbia ukingoni nikiufuata mtumbwi mpaka nilipozuiwa na matete, nikarudi nikakimbia tena, bila sababu. Baadaye nilijichongea vinyago vya muhogo kwa kisu cha jikoni. Vilikauka vikapinda, na Mama wangu aliliwa na mbuzi. Nikarudi kwenye rede na kombolela, na bibi akarudi kuwaambia wageni habari ya siafu.

Sasa nina wajukuu. Mmoja wao, Rehema, anacheza sataranji kwenye simu, hapa hapa Mtwara, amelala chali kwenye kochi, na watu asiowajua hata majina, wa nchi asizoweza kuzitaja. Anafungua kwa hatua alizofundishwa na mashine, tap, tap, tap, na akishindwa anatafuta mwingine kabla hajapepesa kope. Hakuna anayemwona mwenzake akikuna kifundo cha mguu. Kizazi hiki hata mgeni akija habishi tena, anatuma ujumbe kwamba yuko nje, na wewe uliye ndani unamjibu kwamba mlango haujafungwa. Sisemi ni wabaya. Rehema ana akili kunizidi mara nyingi, na ana haraka kama yangu. Ila naona mguu wake unatikisika hata anapocheza, na hilo linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kumweleza.

Juzi aliniomba nicheze naye. Nilifungua polepole, akapiga miayo. Mwishoni nikampata. Nilibisha mara tatu, Mwenye Nyumba wake akakimbilia kona, na mkono wangu ukagoma. Nikasogeza mkulima wa pembeni. Akanimaliza kwa furaha, kisha akanionea huruma.

"Bibi, ulikuwa umeshinda! Hiyo sheria yako ya hodi tatu haipo. Nimeitafuta kila mahali."

Nilimwambia najua haipo. Ilikuwepo Kitaya, kati ya watoto wawili, na mmoja wao alivuka mto.